Punje Saba za Kahawa

Mzee Yustus alifika na kigoda chake. Katika miaka yote ambayo kibarua wake Karekezi alikuwa ameishi ukingoni mwa kibanja cha mzee pale Nyaishozi, akimpalilia migomba na kumchumia kahawa, mzee huyo hakuwahi kukalia kitu chochote cha nyumba ile, na asubuhi hiyo hakuona sababu ya kuanza. Alikiweka kigoda uani, akaketi, akamwacha binti yake Kokugonza asimame nyuma yake, kisha akangoja mpaka Nyiransabimana, mke wa Karekezi, alipopiga magoti na mumewe alipovua kofia.

"Shikamoo, waitu," alisema Karekezi.

"Marahaba. Yuko wapi huyo anayetembea na jina la mwanangu?"

Uwimbabazi, binti wa Karekezi, alitoka jikoni, mikono ikiwa imegandwa na utomvu wa ndizi. Jumapili iliyotangulia matokeo yake ya kidato cha sita yalikuwa yametangazwa kanisani, na waumini walikuwa wamepanga mstari kumpa mkono Mzee Yustus, kwa sababu jina lililosomwa lilikuwa Kokugonza Yustus. Wote waliompa mkono walijua. Kokugonza alichaguliwa kwenda sekondari mwaka uleule baba yake alipomwoza. Nafasi ikabaki wazi, na nafasi ya shule haitupwi kama ganda la ndizi. Karekezi aliiomba, Yustus akakubali, na binti wa kibarua akaenda shuleni akaitikia jina la binti wa tajiri. Hakuna aliyeona ajabu. Wengi walikuwa wamesoma hivyo.

"Mwanangu amerudi," alisema Yustus. "Ndoa imemtupa. Nami nimepata habari kwamba chuo cha mafundi wa maabara za hospitali, kule Mwanza, kinamwita kwenye usaili. Atakwenda."

Karekezi alitabasamu kwa kutoelewa. "Naam, waitu, ameshaanza kufua nguo zake za safari."

"Nani?"

Karekezi alimtazama binti yake, akamtazama mzee. Tabasamu likabaki pale midomoni, halina pa kwenda.

"Atakwenda mwenye jina," alisema Yustus. "Nililiazimisha. Mtu akiazima jembe, msimu ukiisha hulirudisha. Au jembe likishalima vizuri huwa la aliyeazima?"

"Lakini, baba," alisema Uwimbabazi, na sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa, "aliyefanya mtihani ni mimi."

"Aliyefanya mtihani ni Kokugonza Yustus. Karatasi zote zinasema hivyo. Wewe una karatasi gani?"

Hakuwa nayo hata moja. Baba yake pia hakuwa nayo. Karekezi alivuka mto Kagera, mto wa mpaka, akiwa amebebwa mgongoni mwa mama yake, na tangu hapo ushahidi pekee wa kuwapo kwake ulikuwa maneno ya watu waliomwona akilima.

Yustus alishusha sauti, kama mtu anayetoa pole. "Karekezi, unaona hali ilivyo tangu mwaka jana. Maelfu wamevuka, kambi zimejaa. Wale wenye malori ya kuwarudisha watu ng'ambo wakija kuuliza nani wa zamani na nani wa jana, wanamuuliza nani?"

"Wanakuuliza wewe, mwenyekiti."

"Wananiuliza mimi, mwenyekiti wa kitongoji. Na mpaka leo nimewajibu kwamba Karekezi ni wa zamani. Lakini ulimi nao huchoka." Akageuka kwa Uwimbabazi. "Huko kwenye usaili wataulizwa hizo kemia zenu. Mfundishe dada yako. Akipita, nampandia baba yako miramura, kutoka pale kwenye migomba ya mbiile mpaka kwenye kijito. Mbele ya mashahidi."

Nyiransabimana alishusha pumzi kwa nguvu. Miramura ndiyo mimea ya mpaka katika nchi hiyo. Mtu akishapandiwa mbele ya mashahidi, hata mjukuu wake hang'olewi. Kwa miaka yote nyumba yao ilikuwa imesimama mahali ambapo neno moja la mtu mmoja lingeweza kuibomoa kabla ya chakula cha mchana.

"Atamfundisha," alisema Karekezi, kabla binti yake hajafungua mdomo.

Yustus aliinuka, akachukua kigoda chake.

*

Walisomea kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, ili kazi isilale. Uwimbabazi aligeuza kahawa kwa mikono huku akifundisha. Kokugonza alikaa kivulini na kula ndizi za kuchoma zilizoletwa kwa ajili yake peke yake.

Hakuwa mtu mbaya, Kokugonza. Alikuwa amewaacha watoto wawili kwa mume aliyemfukuza, na alicheka upesi kama wanavyocheka watu wanaoogopa kunyamaza. Katika wiki ya kwanza hakuelewa lolote. Aliyakariri maneno kama mtoto anayekariri katekisimu, kisha akayasahau njiani kuelekea nyumbani.

"Tuache daftari," alisema Uwimbabazi siku moja. Aliokota punje chache za kahawa iliyokobolewa, akachora viboksi ardhini kwa kijiti. "Kila punje ni elektroni. Kila kiboksi ni chumba chake, ndicho kinachoitwa obitali. Umewahi kulala kwenye nyumba ya wageni pale Nkwenda?"

"Mume wangu alikuwa akinunua maharage kule. Nimelala sana."

"Siku ya soko mwenye nyumba huwapanga vipi wageni?"

"Huanzia vyumba vya chini, karibu na mlango. Vya juu kule mwisho hujaa baadaye, hakuna anayetaka kupanda."

"Basi umeshajua nusu ya somo. Elektroni huanzia kwenye nafasi ya nishati ndogo. Haipandi juu kama chini kuna nafasi. Na kila moja ina namba nne, za kuonyesha mahali pake. Ya kwanza inaeleza daraja, yaani ukubwa wa chumba na umbali wake kutoka kwenye kiini. Ya pili, umbo la chumba: cha mviringo kama chungu, au kama vibuyu viwili vilivyogusanishwa midomo. Ya tatu, mwelekeo wa hivyo vibuyu. Vinaweza kuelekea pande tatu. Na ya nne inaeleza elektroni yenyewe imelala vipi." Akaigeuza punje kiganjani. Punje ya kahawa ina mgongo wa mviringo na tumbo lenye mfereji. "Chali, au kifudifudi. Hakuna namna ya tatu."

"Na zikiwa mbili chumba kimoja?"

"Moja chali, nyingine kifudifudi. Lazima."

"Mzungu wa nne!" Kokugonza alipiga makofi. "Mama wee! Kumbe ndivyo hivyo? Kichwa chake miguuni pangu. Nimelala hivyo na mke mwenzangu mwezi mzima, mwanamume alituweka chumba kimoja kwa kuwa hajamaliza kujenga."

Hata Nyiransabimana, aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni, alicheka.

"Na kanuni kubwa kuliko zote ni hii," alisema Uwimbabazi, na bila kujua alisimama wima, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuisema. Mwalimu Rwezaura, aliyewafundisha kemia kwa miaka miwili, alikuwa na desturi ya kuianza sentensi kwa Kiingereza, kuirudia kwa Kiswahili, na kuiacha njiani: "Hakuna elektroni mbili katika atomi moja..." Kisha huita, "Kokugonza!" Naye Uwimbabazi husimama na kuimalizia: "...zenye namba nne zilezile, mwalimu." Darasa zima lilimjua kwa sentensi ile.

Sasa aliianza yeye mwenyewe, na Kokugonza mwenye jina akaimalizia.

Walipojaribu naitrojeni ndipo tatizo lilipotokea. Punje saba. Kokugonza aliweka mbili kwenye chumba cha kwanza cha mviringo, mbili kwenye cha pili, sawasawa, moja chali na moja kifudifudi. Zikabaki tatu, na mbele yake vyumba vitatu vya vibuyu vilivyolingana. Aliweka mbili katika cha kwanza na moja katika cha pili. Cha tatu akakiacha kitupu.

"Hapana," alisema Uwimbabazi. "Kila moja chumba chake kwanza."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Kokugonza alimtazama kama mtu aliyesikia utovu wa adabu. "Mgeni alale peke yake? Kwetu mgeni halazwi peke yake hata nyumba ikiwa tupu. Baba akipata mgeni, mtoto mmoja hupelekwa kulala naye. Vinginevyo atasema tumemfukuza."

"Elektroni si wageni wa baba yako. Zinachukiana. Kila moja inamsukuma mwenzake. Zinakubali kulala pamoja pale tu ambapo vyumba vyote vinavyolingana vimeshapata mtu. Weka moja, moja, moja. Na zote tatu zilale upande mmoja, kifudifudi zote."

"Zina akili kuliko mume wangu," alisema Kokugonza, akahamisha punje.

*

Mchana wa siku moja kabla ya safari Kokugonza alikuja kusahihishwa kwa mara ya mwisho. Alikuwa amevaa gauni la Uwimbabazi, lile la kitambaa cha buluu alilokuwa ameshonewa na mama yake kwa ajili ya chuo. Yustus alilituma lichukuliwe, akisema msichana aliyetoka shule lazima aonekane ametoka shule. Lilimbana makwapani.

Alieleza namba nne vizuri. Alieleza kwa nini chumba cha mviringo cha daraja la nne hujaa kabla ya vyumba vya daraja la tatu vyenye umbo liitwalo d. Sauti yake ilikuwa imepata uthabiti fulani, na Uwimbabazi alitambua kwa mshtuko kwamba ilikuwa sauti yake yeye, pamoja na ile namna ya kusimama.

"Naitrojeni," alisema Uwimbabazi.

Kokugonza alichukua punje saba. Mbili. Mbili. Kisha, haraka, kwa mkono wa mtu anayeandaa malazi nyumbani kwao, mbili katika chumba kimoja na moja katika kinachofuata.

"Hapo," alisema kwa furaha. "Hakuna aliyelala peke yake, ila huyu mmoja, naye mtampelekea mtoto."

Karekezi alikuwa akitengeneza mpini wa jembe, hakuelewa kilichotokea. Nyiransabimana, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alielewa kwa kuutazama uso wa binti yake. Alisogea karibu kama anayeokota ungo, akasema kwa Kinyarwanda, polepole:

"Mwache."

Uwimbabazi alizitazama punje. Hakuhitaji kusema neno. Hakuna ambaye angeweza kumlaumu. Alishafundisha, na mwanafunzi hukosea. Kokugonza angesimama mbele ya wasaili, angewalaza wageni kama walivyolazwa kwao, nao wangemshukuru na kumwita mwingine. Na baada ya hapo? Miramura isingepandwa. Lakini jina lingekuwa limerudi pale lilipotoka, halina kazi kwa yeyote, na pengine mwaka ujao mtu angeweza kuliomba tena.

Alifikiri hayo yote, na yalikuwa mawazo ya haki. Lakini kulikuwa na jambo jingine ndani yake, lisilokuwa wema wala woga. Hakuweza kuvumilia kuiona naitrojeni imekaa vibaya. Ilikuwa kitu pekee katika nyumba ile ambacho hakikutegemea ulimi wa Mzee Yustus.

Aliinama, akaiondoa punje ya pili kutoka kwenye chumba cha kwanza, akaiweka peke yake katika cha tatu.

"Kila moja chumba chake kwanza," alisema. "Rudia."

Mama yake aliingia ndani, na hakutoka mpaka Kokugonza alipoondoka.

*

Siku ya sherehe Karekezi aliamka mapema, akaenda kukata miramura. Alichagua matawi yaliyonyooka, yenye unene wa kidole gumba, akayafunga fungu kwa kamba ya mgomba, akaloweka ncha zake katika maji ili zisikauke. Alivaa koti lake la komunyo. Njiani aliwapitia wazee wawili aliokuwa amewaomba wawe mashahidi, nao wakamwambia atangulie, kwani wao walishaalikwa na mwenye sherehe.

Kokugonza alikuwa amepita. Mbuzi alichinjwa, rubisi ililetwa kwa mitungi, na wageni walikaa chini ya turubai. Uwimbabazi na mama yake walikuwa nyuma ya nyumba tangu asubuhi wakimenya ndizi, na ni kutoka huko, kupitia pengo la uzio, walikosikia makofi.

"Waeleze ulivyowajibu hao wasaili!" alisema Yustus.

Kokugonza alisimama. Alikuwa na viatu vipya. "Waliniuliza atomi ya naitrojeni imejengwaje. Nikawaomba kahawa. Wakashangaa: kahawa? Nikasema, mimi natoka Karagwe, bila kahawa sisemi." Watu wakaangua kicheko. "Nikawapangia punje saba mezani. Nikawaambia: ni kama nyumba ya wageni siku ya soko. Mkubwa wao alivua miwani, akaniuliza, nani alikufundisha hivi?"

"Ukasema nani?" aliuliza mmoja wa wazee.

Kokugonza alisita kidogo sana. "Nikasema nimefikiri mwenyewe."

Nyuma ya nyumba, kisu cha Uwimbabazi kiliendelea na kazi yake.

Ndipo Karekezi alipoingia chini ya turubai na fungu lake, maji yakidondoka kwenye viatu vyake. Alisimama pale ambapo kila mtu angemwona, akainamisha kichwa.

"Waitu, hongera. Nimekuja nayo."

"Nini hiyo?"

"Miramura, waitu. Akipita, ulisema."

Yustus alinywa funda, akafuta mdomo. Alimjibu kwa upole, na upole ule ndio uliowafanya wageni wainamishe macho kwenye vibuyu vyao. "Karekezi, wewe ni mtu mzima. Watu wa chuo wanaweza kuja hapa siku yoyote kuuliza habari za mwanafunzi wao. Wakute nini? Kokugonza huyu na Kokugonza yule?"

"Ulisema mbele ya mke wangu na..."

"Nilisema nitapanda miramura, na nitapanda. Nitafunga kile kijia mnachopitia."

Uwimbabazi alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa na maganda ya ndizi kwenye kanga, na hakupiga magoti. "Baba, hakuna Kokugonza wawili. Mimi ni Uwimbabazi, nimelirudia jina langu. Sitakwenda popote wala sitasema lolote."

Pengine neno moja la haki kutoka kwa mtu mmoja lingetosha. Mashahidi wawili walikuwa wameketi palepale. Mmoja alikuwa akitafuta kitu kwenye meno.

Aliyesema alikuwa Kokugonza. Alikuwa amekaa siku nyingi na hofu ambayo hakumwambia mtu: kwamba darasani, wakimwuliza jambo asilolijua, kila atakayemjua yule mwingine ataelewa mara moja. Kwa hiyo alisema upesi, akicheka, kwa sauti ya juu.

"Si wewe uliyenifundisha? Hata elektroni. Hakuna mbili katika atomi moja zenye namba nne zilezile. Moja lazima ihame."

Wageni walicheka bila kujua wanachokicheka, kwa kuwa msomi alikuwa ametoa mfano.

"Haihami," alisema Uwimbabazi. "Inageuka. Ndiyo maana ya namba ya nne. Mmoja akigeuka, wanakaa wote wawili. Mimi nimegeuka."

"Umegeuka?" Kokugonza alikuwa ameacha kucheka. "Juzi kisimani nilikuita Uwimbabazi, nikaita tena, na tena, ulikuwa unateka maji tu, husikii. Nikaita Kokugonza, ukaitika. Hujageuka, mdogo wangu. Ungegeuka, nisingeogopa."

Ilikuwa kweli.

"Mtakaa mpaka kahawa ya mwisho ichumwe," alisema Yustus. "Mimi si mkatili. Baadaye malori yakija kuuliza, nitasema ukweli, kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mpeni Karekezi kibuyu anywe."

Alipewa kibuyu. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na fungu la miramura, ilimbidi aliweke chini ili akipokee. Akakipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akanywa, akashukuru. Binti yake aliona hilo. Baadaye angesahau mengi ya siku ile, lakini hakusahau kwamba baba yake alishukuru.

*

Nyumba ya wageni ya Bi Laurensia pale Nkwenda, ambako Karekezi aliwakimbizia mkewe na binti yake kahawa ilipokwisha kuchumwa, ilikuwa na vyumba vya mbele vinavyotazama barabara ya kwenda mpakani na vyumba vya nyuma vinavyotazama choo. Karekezi alikuwa akipakia magunia ya maharage kwa wanunuzi. Nyiransabimana alifua mashuka. Uwimbabazi alifagia, alichota maji, na kuwapanga wageni vyumbani, kazi ambayo Bi Laurensia alimwachia haraka, kwani hakuna aliyewahi kuifanya kwa utaratibu kama ule. Wote watatu walilala kwenye stoo ya mkaa. Karekezi alikuwa amewakataza wenzake kutaja Nyaishozi mbele ya mtu yeyote.

"Usiseme umesoma," alimwambia binti yake. "Wakijua umesoma, watauliza umesoma wapi na kwa jina gani. Sema hujui kusoma."

Kwa hiyo, wageni walipomwuliza bango la mlangoni limeandikwaje, aliwajibu kwamba hajui.

Mchana mmoja, siku moja kabla ya soko, gari la abiria lilishusha watu waliokuwa wakienda kwenye msiba Kimuli. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na dereva alikataa kuendelea. Uwimbabazi alikuwa akivuka ua na beseni la maji machafu, akiwa amewapa mgongo, aliposikia mtu akiita.

"Kokugonza!"

Aligeuka kabla hajafikiri. Aligeuka kwa mwili mzima, kama mtu aliyeitwa darasani, na maji yakamwagika miguuni pake.

Alikuwa Mwalimu Rwezaura. Alikuwa amenenepa kidogo, na mkononi alikuwa na mkoba uleule ambao chaki zilikuwa zikimwagikia ndani. Uso wake ulikuwa umefurahi wazi kabisa. "Kokugonza Yustus! Unafanya nini hapa? Si uko chuoni Mwanza? Nilikutana na mmoja wa wasaili, akaniambia, 'Msichana kutoka shule yako aliieleza naitrojeni kwa punje za kahawa, hatujasikia kitu kama kile.' Nimelisimulia hilo kila darasa. Nimejivunia..."

Aliishia hapo. Alikuwa ameona miguu isiyo na viatu, na kanga iliyofifia, na beseni.

Uwimbabazi alikuwa ameandaa jibu la siku kama hii. Baba yake alimfanya alirudie: Umenifananisha. Lakini sasa, mbele ya mtu pekee duniani aliyeweza kusema kwa kiapo kwamba sentensi ile ilikuwa yake, lile jibu lilimtoka akilini. Machozi yalimjaa. Alifungua mdomo.

"Mwalimu," alisema, "huyo aliyeko chuoni..."

Rwezaura hakuwa mtu mpumbavu. Aliyaona yote kwa mara moja, kama hesabu ambayo jibu lake limeandikwa nyuma ya kitabu. Na nyuma ya jibu aliona mengine: wakaguzi, mkuu wa shule akimwuliza kwa miaka miwili ulikuwa ukimfundisha nani, faili lake, cheo chake alichokuwa akikingojea. Alitazama kulia na kushoto. Abiria wenzake walikuwa wakisikiliza.

"Samahani, binti," alisema. "Nimekufananisha."

Beseni lilikuwa tupu, lakini Uwimbabazi aliendelea kulishika kwa mikono yote miwili.

"Kuna chumba?" aliuliza Rwezaura. Alikuwa akilitazama bango.

"Vyumba vyote vimepata mtu mmoja mmoja," alijibu Uwimbabazi. "Sasa tunaanza kuweka wa pili. Utalala na mwenzako, kichwa chako miguuni pake."

Midomo ya mwalimu ilicheza kidogo, kama ya mtu anayemalizia jambo moyoni. Kisha akachukua mkoba wake, akafuata kule alikoonyeshwa, akafunga mlango.

Kutoka jikoni Bi Laurensia alipaza sauti: "Uwimbabazi! Maji ya mgeni!"

Binti alikuwa amesimama palepale katikati ya ua, akiutazama mlango uliofungwa.

"We Uwimbabazi! Umekuwa kiziwi?"

Mama yake, aliyekuwa akianika mashuka, alimgusa bega.

"Abee," aliitika, akaenda kuchota maji.